Riwaya za Vijana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa zaidi na watu wa aina tatu: mzazi anayeshangaa mwanawe anasoma nini mpaka usiku wa manane, mtu mzima anayezipenda riwaya hizi lakini anaona haya kusema, na kijana anayetaka aambiwe aanze na kipi. Majibu yana upendeleo wa mtu anayezisoma kwa mapenzi.

Riwaya ya vijana ni ipi hasa?

Kwa wachapishaji na wakutubi, ni riwaya iliyoandikwa kwa wasomaji wa miaka 12 hadi 18. Mhusika mkuu huwa na umri huo huo au huwazidi kidogo, maana mtoto wa miaka 13 hupenda sana habari za wa miaka 16, lakini wa miaka 16 hana haja na habari za wa 13. Kipimo hicho kinatosha kupangia vitabu rafuni. Hata hivyo, ziko riwaya tele zenye mhusika wa miaka 15 ambazo si za vijana hata kidogo.

Kipimo ninachokiamini mimi ni umbali kati ya anayesimulia na jambo lililompata. Riwaya ya watu wazima kuhusu ujana mara nyingi husimuliwa na mtu aliyekwisha kuvuka. Anageuka nyuma, anajua nani atakufa na nani ataolewa na nani, na anajua kwamba lile lililomliza akiwa na miaka 16 lilikuja kupita. Katika riwaya ya vijana mtu huyo hayumo. Msimulizi yuko katikati ya jambo, mwisho wake haujui, wala hakuna mkubwa nyuma ya pazia anayemkonyeza msomaji. Akisema dunia imekwisha, basi kwa kurasa hizo dunia imekwisha kweli. Karibu kila kinachovutia katika riwaya hizi, na karibu kila kasoro yake, kinatoka hapo.

Zilianza lini?

Vijana walikuwa wakisoma riwaya kabla ya mtu yeyote kuwatengea rafu yao. Wengi hutaja Seventeenth Summer ya Maureen Daly, ya mwaka 1942, kuwa miongoni mwa za mwanzo. Mwaka 1951 ilitoka The Catcher in the Rye ya J.D. Salinger, iliyoandikwa kwa watu wazima, na vijana wakaichukua wakaifanya yao.

Mlango ulifunguliwa wazi mwaka 1967, ilipotoka The Outsiders. S.E. Hinton, msichana wa Tulsa, Oklahoma, alianza kuiandika akiwa na miaka 15 kwa sababu hakukiona kitabu kilichosema ukweli kuhusu vijana aliosoma nao. Ilipochapishwa alikuwa na miaka 18. Jina lake liliandikwa kwa herufi za mwanzo tu, ili wahakiki wanaume wasikidharau kitabu cha magenge ya wavulana kwa kuwa kimetoka mkononi mwa msichana. Miaka mingi baadaye mkutubi na wanafunzi wa shule moja ya California walimwandikia mwongozaji wa filamu Francis Ford Coppola wakimwomba akigeuze kitabu hicho kuwa filamu. Alikubali, na filamu ikatoka mwaka 1983. Wasomaji wenyewe ndio waliokibeba kitabu mpaka kikafika huko, na mimi hukitaja kisa hicho kila ninapoambiwa kwamba vijana hawajali vitabu.

Miaka ya 1970 ilileta ujasiri. Robert Cormier aliandika The Chocolate War mwaka 1974, ambamo mvulana anayekataa kufuata mkumbo hashindi, na mwandishi hakumtafutia mkombozi. Mwaka 2000 wakutubi wa Marekani walianza kutoa Tuzo ya Printz kwa kitabu bora cha vijana, na ya kwanza ikaenda kwa Monster ya Walter Dean Myers.

Kwa nini mtu mzima avutiwe na habari za watoto wa sekondari?

Hauko peke yako. Utafiti wa soko uliofanywa Marekani na kampuni ya Bowker mwaka 2012 ulionyesha kwamba asilimia 55 ya wanunuzi wa vitabu vya rika la miaka 12 hadi 17 walikuwa na miaka 18 au zaidi, na wengi wao walisema wananunua ili wasome wenyewe.

Sababu moja imo vichwani mwetu. Watafiti wa kumbukumbu wameona mara nyingi kwamba watu waliovuka miaka 40, wakiulizwa habari za maisha yao, hukumbuka kwa wingi usio wa kawaida mambo yaliyowapata kati ya miaka 10 na 30. Ndiyo miaka ya mara ya kwanza: kumpenda mtu, kumzika rafiki, kugundua kwamba baba naye husema uongo, kufunga mizigo na kuondoka nyumbani. Jambo la mara ya kwanza halina la kulinganishwa nalo, kwa hiyo hukaa. Riwaya ya vijana inaishi ndani ya miaka hiyo na haitoki. Mtu wa miaka 45 anapoisoma, nusu ya kazi anaifanya mwenyewe kwa kumbukumbu zake.

Sababu nyingine ni ya ufundi. Kijana akichoshwa na kitabu anakiweka chini bila kuona aibu, na mwandishi wake analijua hilo. Hapati kurasa 60 za kuelezea mandhari na ukoo. Mtu mzima aliyerudi nyumbani amechoka hukuta kitabu kinachomshika tangu ukurasa wa pili.

Ipo na ya tatu, na hii ndiyo inayonirudisha mimi. Riwaya hizi bado zinauliza kwa sauti maswali ambayo sisi wakubwa tumekubaliana kuyanyamazia. Je, hili ni haki? Naweza kukataa? Nikikataa, nitabaki na nani?

Lugha yake ni nyepesi. Je, si dalili kwamba na fikra ni nyepesi?

Hapana, na Monster yatosha kuwa shahidi. Steve Harmon ana miaka 16, yuko mahabusu New York, anashtakiwa kwa kushiriki ujambazi ulioishia kwa kifo cha mwenye duka la dawa. Sentensi zake za mwanzo mtoto wa darasa la saba anazielewa zote. Anasema wakati mzuri wa kulia ni usiku, taa zikishazimwa, na mtu mwingine anapigwa na kupiga mayowe, maana hapo hakuna atakayekusikia ukivuta kamasi. Hakuna neno gumu hapo. Lakini tazama kilichomo: mtoto ambaye gereza limeshamfundisha kuyapangia machozi saa yake.

Kisha Steve, ambaye anapenda filamu, anaiandika kesi yake kama mswada wa filamu. Kamera inaingia, inasogea karibu, inageukia upande wa mashahidi. Akiwa nyuma ya kamera anaweza kujitazama kana kwamba ni mtu baki, na sisi tunaanza kujiuliza ni nini anachokiacha nje ya picha. Hukumu inatolewa, kitabu kinafungwa, na swali hilo bado liko mikononi mwetu. Nimewaona wasomaji wazima wakibishana juu ya kitabu hiki kwa joto kuliko walivyobishana juu ya riwaya zenye kurasa mara tatu yake.

Kwa nini nyingi husimuliwa kwa "mimi", tena kwa wakati uliopo?

Kwa sababu ya ule umbali niliousema. Katika The Hunger Games ya Suzanne Collins, ya mwaka 2008, Katniss Everdeen anaamka, ananyoosha mkono kutafuta joto la mdogo wake kitandani, na vidole vyake vinagusa turubai gumu la godoro tu. Anatusimulia kadiri mkono unavyokwenda. Angesema "niliamka", tungejua tangu sentensi ya kwanza kwamba amepona, maana aliyekufa hasimulii. Anaposema "naamka", hatuna dhamana hiyo, na kitabu chote ni cha watoto wanaotupwa uwanjani wauane.

Baada ya mafanikio ya kitabu hicho mtindo ukaenea hata pasipohitajika. Hadithi ya kiangazi tulivu kati ya marafiki wawili haina haja ya kuhema namna hiyo, na mimi huchoka nikiona mwandishi ameushika wakati uliopo kwa sababu tu wenzake wameushika.

Mbona wazazi hufa, husafiri au hawana akili?

Swali zuri, na jibu lake la kwanza ni la kiufundi: mzazi mwenye busara aliye karibu huimaliza hadithi. Mtoto akiweza kumwendea mama sura ya tatu na mama akalitatua, hakuna sura ya nne. Kwa hiyo mwandishi humwondoa mama.

Ila waandishi hodari hawamwondoi kwa ajali ya gari. Humwacha pale pale nyumbani na kuonyesha ni kwa nini mtoto hawezi kumfikia. Katika Speak ya Laurie Halse Anderson, ya mwaka 1999, wazazi wa Melinda wapo, wanafanya kazi, na huachiana ujumbe kwa vijikaratasi jikoni. Mtoto wao ameacha kusema karibu kabisa, na wao wanagombana juu ya alama zake za shule. Hawana ubaya wowote wa kutisha. Wana shughuli. Mzazi akisoma kurasa hizo atajifunza mengi kuliko katika vitabu vingi vya malezi.

Katika The Hate U Give ya Angie Thomas, ya mwaka 2017, mambo ni tofauti kabisa: baba na mama wa Starr wapo, wanapenda, wanabishana, wanamsindikiza binti yao aliyeshuhudia rafiki yake akiuawa na polisi. Hadithi haipungui nguvu hata kidogo. Tangu nilipoisoma, mwandishi anayewaua wazazi ovyo namwona mvivu.

Je, pembetatu za mapenzi ni lazima?

Si lazima, na zinapungua. Inafaa pale tu ambapo kuchagua kati ya wawili ni kuchagua kati ya maisha mawili. Penye nyuso mbili nzuri na hakuna zaidi, ruka kurasa.

Kwa nini vijana wanapenda dunia za kubuni zenye serikali katili?

Kwa sababu maisha ya kijana yanafanana na hayo. Anaamka kwa kengele ambayo hakuichagua, anavaa alichoamriwa, anapimwa na kupangwa kwa alama, na wanaoamua mustakabali wake hawamwiti kikaoni. Mwandishi akibuni nchi ambamo mambo hayo yamekuzwa mara 100, kijana anaitambua mara moja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauna hata mashine wala uwanja wa vita. Katika Noughts & Crosses ya Malorie Blackman, ya mwaka 2001, weusi ndio watawala na weupe ndio wanaodharauliwa. Kuna mahali ambapo msichana mweupe ana plasta usoni, na plasta hiyo ni ya kahawia iliyokolea, inaonekana kutoka mbali juu ya ngozi yake, kwa kuwa katika nchi ile plasta za rangi nyingine haziuzwi. Hakuna hotuba. Ni kipande cha plasta tu, na msomaji aliyezoea kuona vitu vyote vikitengenezwa kwa kipimo cha ngozi fulani anasimama hapo hapo. Kitabu kinasimuliwa na wawili kwa zamu, Sephy na Callum, na uchungu wake ni kwamba kila mmoja anakosea kuhusu mwenzake mbele ya macho yetu, nasi hatuna njia ya kuwaambia.

Na fantasia je?

Ni uwanja mkubwa, na umebadilika kwa faida. Kwa miaka mingi falme za kubuni zilikuwa na theluji, farasi na majumba ya mawe ya Ulaya. Nnedi Okorafor alimpeleka Sunny, msichana mwenye ualbino anayeishi Nijeria, katika uchawi wa Akata Witch mwaka 2011, na huko maarifa ndiyo hulipwa: ukijifunza jambo zito, fedha huanguka kutoka hewani. Mwaka 2018 Tomi Adeyemi alitoa Children of Blood and Bone, iliyojengwa juu ya imani za Wayoruba. Cha kwanza kina ucheshi na upole, cha pili kina moto na hasira. Ukitaka kimoja tu, chukua cha kwanza.

Yapo mambo mazito mno: kubakwa, kujiua, dawa za kulevya. Je, mtoto ayasome?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndilo swali la wazazi wengi na wana haki kuliuliza.

Rudi kwenye Speak. Melinda alipiga simu polisi katikati ya sherehe ya wanafunzi wakati wa likizo, na shule nzima inamchukia kwa kuwavurugia starehe. Hakuna anayejua kwa nini alipiga. Alibakwa usiku ule. Kitabu hakikimbilii tukio hilo, kinazunguka pale pale anapozunguka Melinda, ambaye hata kichwani mwake hathubutu kulitaja. Katika darasa la sanaa mwalimu anawapa wanafunzi kila mmoja kitu kimoja cha kukifanyia kazi mwaka mzima, na yeye anaangukiwa na mti. Anauchora vibaya, anauchonga, anauharibu, anaanza tena. Msomaji anaufuatilia mti ule ukipata uhai taratibu na kuelewa zaidi ya ambavyo maelezo ya daktari yangempa. Kitabu hiki kimelalamikiwa mara nyingi na watu wanaotaka kitolewe shuleni, wakati ndani yake hakuna kinachomtamanisha mtu uovu. Kinamfundisha mtoto kwamba kunyamaza kunaua taratibu na kwamba liko neno la kusema.

Kupiga marufuku hakujaanza leo wala hakuko mbali nasi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ilizuiwa shuleni ilipotoka kwa kusema waziwazi mambo ya ngono, na baadaye ikaja kufundishwa darasani. Ndani yake baba anampiga binti yake vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana, na kitabu kizima kinaonyesha jinsi malezi ya fimbo na kufungiwa yanavyomwacha Rosa bila kinga anapofika penye uhuru. Ukikificha kitabu cha namna hiyo, umefanya alichofanya yule baba.

Hata hivyo sisemi kila kitabu kwa kila umri. Mtoto wa miaka 12 na wa miaka 17 wote wanaitwa vijana, na kati yao kuna mwanya mkubwa. Ninachoomba mzazi afanye ni kukisoma yeye mwenyewe kwanza, chote. Kurasa 2 zilizopigwa picha na kusambazwa hazitoshi. Kisha azungumze na mwanawe bila kumhoji. Kama kijana amepitia jambo linalofanana na lililomo, asiachwe alisome peke yake.

Je, riwaya za vijana zinafunza maadili?

Zinafunza, ila si kwa njia tuliyoizoea. Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya wakubwa kwa wadogo. Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa mausia mwaka 1858, na hadi leo tunausoma kwa heshima. Huko anayesema ni mama, na binti anasikiliza. Kwenye riwaya ya vijana kiti kimegeuzwa: binti ndiye anayesema, na hatujui kama mausia ameyafuata. Zote mbili zina mahali pake. Kosa ni kumpa binti mdomo kisha kumsemesha maneno ya mama. Kijana huisikia sauti hiyo ndani ya aya moja tu, naye hufunga kitabu.

Kwa Kiswahili kuna nini?

Anza na Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996. Kongowea Mswahili anasimulia mwenyewe jinsi alivyofunga safari kumtafuta baba yake, na Kiswahili chake kimejaa raha ya mtu anayecheza na lugha aliyonyonya kwa mama. Wengi waliisoma kwa lazima, kikiwa kitabu cha mtihani Kenya, kisha wakairudia kwa hiari wakiwa watu wazima, na hilo ni nadra kwa kitabu cha mtihani.

Upungufu upo, na unaniuma. Hadithi za watoto wadogo zipo, riwaya nzito za watu wazima zipo, lakini katikati hapo kijana anayetaka kusoma kwa raha, bila maswali ya ufahamu mwishoni mwa sura, hapati vingi. Vingi anavyovipata vimeandikwa kwa jicho la mtihani, mwandishi akikumbuka dhamira na maudhui kabla ya kumkumbuka mtu. Vijana wenyewe wameshaanza kuandikiana hadithi kwenye simu, sura kwa sura, na ndani ya zile chafu na za haraka kuna sauti ambazo mchapishaji makini angezitafuta.

Mwanangu hapendi kusoma kabisa. Nimpe kipi?

Mpe riwaya ya mashairi. Kurasa zake zina nafasi nyeupe nyingi, hazitishi, na kijana humaliza kurasa 50 kabla hajajua. Long Way Down ya Jason Reynolds, ya mwaka 2017, inafaa hasa kwa wavulana wanaosema vitabu si vyao. Kaka wa kijana Will ameuawa kwa risasi. Mtaani kuna kanuni tatu: usilie, usiseme, lipiza kisasi. Will anaingia kwenye lifti na bastola kiunoni, na lifti inaposimama kila ghorofa anaingia mtu aliyekwisha kufa. Kisa chote kinamalizika lifti inapofika chini. Soma mistari ya kwanza kwa sauti mbele yake, halafu kiache mezani.

Kwa msichana anayeandika siri zake daftarini, The Poet X ya Elizabeth Acevedo, iliyotoka mwaka 2018 na kupata Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani mwaka huo huo, kisha Medali ya Carnegie ya Uingereza mwaka 2019. Xiomara anaandika mashairi kwa siri kwa sababu mama yake ana dini kali, na siku daftari linapoonekana, kurasa hizo ni ngumu kusoma kwa macho makavu. Sisi tuliolelewa na tenzi hatuna sababu ya kushangaa kwamba hadithi ndefu inaweza kwenda kwa mistari. Cha kushangaza ni kwamba waandishi wetu wa vijana hawajaitumia njia hiyo zaidi.

Na kama anapenda katuni, mpe katuni. Persepolis ya Marjane Satrapi, kuhusu msichana anayekua Irani wakati wa mapinduzi na vita, imechorwa yote kwa rangi nyeusi na nyeupe, na ni fasihi kamili.

Nikitaka kimoja tu cha kuanzia?

Mtu mzima aanze na Monster. Kijana anayesoma kwa kasi aanze na Noughts & Crosses.

Wengi wangekuambia The Book Thief ya Markus Zusak, ya mwaka 2005, nami ninaipenda sana, lakini inakwenda kinyume cha yote niliyosema hapo juu. Msimulizi wake ni Kifo, anajua mwisho wa kila mtu, na huutaja mapema bila kuficha. Liesel anaiba vitabu katika Ujerumani ya Hitler, na sisi tunajua nani hatapona huku yeye akicheza mpira barabarani. Huko Australia alikotoka mwandishi ilichapishwa kwa watu wazima, Marekani ikauzwa kwa vijana, na kote ikapata wasomaji. Isome baada ya kusoma nyingine mbili tatu, ndipo utakapoona ujuzi wa msimulizi ule unauma kiasi gani.

Nimeshatazama filamu. Kuna haja ya kusoma?

Kwa The Hunger Games, ndiyo. Kitabuni uko kichwani mwa Katniss, na muda wote anapima nani anamtazama na anapaswa aonekane vipi. Kwenye filamu unakuwa mmoja wa wanaomtazama.

Nikichoka katikati, niache?

Acha. Kipe kurasa 50 kama kimesifiwa na mtu unayemwamini, 20 kama hakikusifiwa.

Nataka kuandika riwaya ya vijana. Nianzie wapi?

Usianze na slangi. Maneno ya mitaani yatakuwa yamepitwa kabla kitabu hakijatoka kiwandani. Anza na jambo ambalo mhusika wako analitaka leo, kabla jua halijazama, na mtu anayemzuia. Mpe sababu nzuri huyo anayemzuia. Kisha pitia mswada ukifuta kila sentensi ambamo wewe mkubwa unamfahamu mhusika kuliko anavyojifahamu: "sikujua wakati huo kwamba", "baadaye nilikuja kuelewa", na ndugu zake wote.

Ukimaliza, mpe kijana mmoja asiye wa nyumbani kwako, maana wa kwako atakusifu au atakukomoa. Usimuulize kama amekipenda. Muulize aliweka chini wapi na akaenda kufanya nini, kisha rudi kwenye ukurasa huo na uuandike upya.